Sikio la Garnet Tweedie

Katika mji wetu wa Harrow, mpakani upande wa Kanada, ukitaka kumkasirisha mtu huna haja ya kumtukania mama yake. Mwambie tu kwamba anaongea kama Mmarekani. Atatabasamu, atakuomba radhi kwa jambo ambalo hata hajalifanya, kisha hatakualika kwake mpaka ipite miaka mitatu.

Mmarekani mwenyewe wala hayuko mbali. Yuko ng'ambo ya mto, katika mji wa Dunmore, na mto wenyewe si mpana. Majira ya joto sisi tukikaanga vitunguu, kule wanameza mate. Daraja unalivuka kwa miguu dakika nne, tano kama kuna upepo. Gari la zimamoto tunachangia. Jumamosi jioni sisi tunakula maharage ya kuoka, wao wanakula maharage ya kuoka, na kila upande unadai ya wenzao yana sukari mno. Lakini muulize mtu yeyote wa Harrow, atakuapia kwamba watu wa upande ule hawaongei kama sisi hata kidogo. Wao wanaongea puani, wanaongea kwa kelele, wanatafuna maneno. Na sisi je? Sisi tunaongea kawaida.

Nasema haya kwa uchungu, maana ugomvi huu umenila miaka thelathini na minane. Nilizaliwa Dunmore, nikaitwa Doreen Pottle. Nikaolewa Harrow na Eldon McGeachy, fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache. Nikivuka daraja kumsalimu mdogo wangu Lyle, ananipokea mlangoni kwa vicheko: "Haya jamani, Mkanada kafika! Hebu dada, sema 'nyumba' tukusikie." Nasema. Yeye na wanawe wanashika mbavu. Nikirudi Harrow, natia neno moja kwenye foleni ya mkate, na mama aliyenijua tangu nikiwa bibi harusi ananiuliza kwa upole wote, "Na kwenu huko, Doreen, theluji imewapata?" Kwenu huko! Mita mia mbili!

Nilijitahidi, Mungu ananiona. Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwa mama mkwe wangu, marehemu Verna, ilikuwa Januari. Nilipangusa buti zangu kwenye mkeka wa mlangoni, nikaingia nazo mpaka sebuleni, kama nilivyolelewa. Verna alichukua kitambaa, akapiga magoti, akawa ananifuata nyuma nyuma anapangusa kila unyayo wangu, na kila akipangusa anasema, "Samahani, mwanangu. Samahani." Nikadhani ni maradhi. Eldon ndiye aliyeninong'oneza jikoni kwamba huku mtu anavua viatu mlangoni hata kama amekuja kuzima moto. Mpaka leo nikikumbuka, masikio yananiwaka. Tangu siku ile sijaingia na buti katika nyumba ya mtu, wala ukumbini, wala kwa daktari wa meno.

Sasa nije kwenye habari ya maiki.

Uwanja wetu wa barafu ulikuwa na sauti moja tu tangu uezekwe paa, nayo ni ya mzee Elwood Lister. Timu yetu ya mpira wa magongo, Korongo, ikifunga bao, ni Elwood aliyetangaza. Mtu akitolewa nje kwa kumchapa mwenzake gongo, ni Elwood. Gari likiachwa taa zinawaka, ni Elwood. Miaka ishirini na sita nilikaa ubavuni mwake ndani ya kile kibanda cha mbao, naandika nani kafunga na nani kampa pasi, halafu namsogezea karatasi. Miaka ya mwisho, macho yake yalipochoka, nilikuwa namtamkia majina kwa midomo naye anayarudia. Alipolazwa alinishika mkono. "Doreen," akasema, "maiki ni yako. Wewe ndiye unayeyajua majina." Akafa Septemba, kabla barafu haijawekwa.

Niliitaka maiki ile, na sioni haya kusema. Sikutaka cheo wala picha gazetini. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu niseme kitu katika mji huu, na watu wasikilize nilichosema badala ya kusikiliza nilivyokisema.

Kamati ya uwanja ilikaa Desemba. Mwenyekiti ni Hazel Crandlemire, mama mkubwa wa mwili na mpole wa sauti, ambaye hajawahi kumwambia mtu hapana tangu azaliwe na hajawahi kumkubalia mtu pia.

"Doreen mpenzi, hakuna mtu anayeyajua majina kukushinda," aliniambia. "Hakuna. Samahani sana. Ila tu..."

"Ila nini?"

"Ila ile ni sauti ya Korongo, unanielewa? Ni sauti yetu. Tukicheza na Dunmore, wageni wakisikia..."

"Wakisikia nini, Hazel? Sema, mama, nakusikiliza."

"Samahani," akasema, akakumbatia kikombe chake cha chai kwa mikono miwili.

Walikuwa na mtu wao tayari. Alikuwa Murray Grearson, mwenye karakana ya matairi. Ukoo wake umekaa Harrow vizazi saba, tangu walipolikimbia hilo hilo taifa la ng'ambo baada ya kugombana na majirani zao kuhusu mfalme. Ndivyo walivyokuja karibu wote hapa, lakini ukilisema hilo mezani watu wanageuza mazungumzo, wanakupitishia siagi. Murray ni mtu mwema, angetaka figo ningempa. Ila kusoma majina! Siku aliyojaribiwa aliliumauma jina la Thibodeau, mchezaji wa Dunmore, mpaka mwenye jina akatazama pembeni.

Hapo ndipo Garnet Tweedie aliposafisha koo. Garnet ni afisa mstaafu wa mpakani. Alikaa darajani miaka thelathini na mmoja, na hakuna harusi wala msiba ambapo hajatusimulia habari za sikio lake.

"Nipe sentensi tatu," akasema, "nakutajia mtu kazaliwa upande gani wa mto. Akiwa na mafua, nipe nne."

"Darajani ulikuwa umeshika pasipoti zao mkononi, Garnet," nikamkumbusha.

"Pasipoti naifungua baadaye, shemeji. Sikio kwanza." Akajigonga sikio kwa kidole. "Sikilizeni, kwa nini tugombane? Tumpime. Wawekwe watu nyuma ya pazia, wa kwetu na wa kwao, wasome kitu kimoja. Mimi nisikilize bila kuona. Nikisema Doreen ni wetu, basi ni wetu, apewe maiki. Nikisema ni wao, samahani."

Hazel aling'aa uso mzima. Kamati zetu zinapenda sana mtu mwingine aje aseme hapana kwa niaba yao.

Nilipewa wiki mbili. Nikawa natembea jikoni nasoma matangazo kwenye simu, najisikiliza, nasoma tena. Wanasema sisi wa huku tukitaja nyumba au nje, sauti inaruka kidogo katikati kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Niliitafuta ngazi hiyo usiku na mchana. Siku moja naisikia, siku ya pili siisikii. Nikamwita Eldon.

"Sikiliza. Hii." Nikasoma. "Na hii." Nikasoma tena. "Ipi ya Harrow?"

Eldon alifikiri sana. "Mimi sioni tofauti, mke wangu."

"Tofauti ya ipi na ipi?"

"Yoyote. Miaka thelathini na minane nakusikia ukiniambia nitoe taka, na kila mara nimeelewa."

Lyle nilimpigia mwenyewe, maana Garnet alitaka watu wanne wa Dunmore. Alicheka mpaka akakohoa. "Nakuja, dada! Nakuja kukusaidia ufeli urudi nyumbani."

Mtihani ulifanyika Jumapili mchana baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa, juu ya zulia jipya la bluu ambalo kina mama walilipigania miaka mitatu. Watu walijaa kama msiba wa tajiri. Mlangoni kulikuwa na mkeka mpana wa mpira, na juu yake buti zimepangwa jozi kwa jozi, theluji inayeyuka. Lyle na wenzake watatu walifika, wakapiga miguu chini mara mbili, wakapangusa nyayo, wakaingia na buti zao wakipeana mikono na kila mtu. Kina mama wakalitazama zulia lao kwa huzuni. "Karibuni sana," wakasema. "Samahani kwa baridi."

Murray alikuja wa mwisho. Nilimwona mlangoni akipangusa buti zake, ya kulia, ya kushoto, tena ya kulia, kwa muda mrefu ajabu, uso umemwiva. Nikadhani ni woga.

Pazia lilikuwa mashuka mawili ya maua ya Hazel yaliyoanikwa kwenye kamba. Mbele yake palikuwa na meza ya vyakula, sandwichi za mayai na vikeki vya siagi, imefunikwa kitambaa mpaka chini. Garnet alibeba kiti chake akakiingiza katikati ya meza na mashuka, mgongo kwa watu.

"Nataka kuzisikia hata pumzi," akaeleza. Akakaa, akakunja mikono, akainamisha kichwa kama mtu anayesali. Hata kijiko hakikugonga kikombe.

Nyuma ya pazia tulikuwa wanane: wanne wa kwao, watatu wa kwetu, na mimi ambaye hesabu yangu ilikuwa bado. Kila mtu alisoma maneno yale yale: "Bao la Korongo, limefungwa na namba kumi na saba. Na mwenye gari la bluu lililo nje, taa zinawaka."

Wa kwanza akasoma. "Wao," akasema Garnet. Kweli. Makofi.

Wa pili, mpiga kinanda wa kanisa. "Wetu." Makofi.

"Wao. Tena huyu si wa Dunmore mjini, huyu ni wa mashambani kule juu." Kweli tupu! Watu wakaguna kwa mshangao. Mwanamume mmoja akasikika akimwambia mkewe, "Kipaji hicho."

Wa nne nilikuwa mimi. Nilivuta pumzi, nikamfikiria Elwood, nikasoma. Sikuitafuta ngazi wala sikuikwepa. Nikamaliza. Nikasikia kiti cha Garnet kikilia.

"Wetu," akasema.

Nilishika shuka la watu nisianguke. Machozi yalinitoka bila kuniuliza. Miaka thelathini na minane, halafu neno moja tu. Nilitamani Verna angekuwepo na kitambaa chake.

Wa tano akasoma, wa sita akasoma, wote akawapata. Wa saba alikuwa Murray. Alisoma kwa sauti ile ile aliyotumia kuniuzia matairi maisha yangu yote.

"Wao!" akasema Garnet bila kusita. "Mmarekani mtupu huyo. Hata angejifunika bendera yetu ningemjua."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mimi nikamtazama Murray, Murray akatazama chini kwa aibu, nami nikatazama pale alipotazama. Nikaona. Shuka za Hazel zilikuwa zimeishia shibri moja na nusu juu ya zulia. Chini yake ilijipanga miguu yetu sote wanane, wazi kama maandazi kwenye sinia. Wanne wa Dunmore wako na buti. Mpiga kinanda na mama mmoja wa posta, wa kwetu, wako na soksi. Mimi niko na soksi zangu nyekundu za sufu, alizonifumia Verna mwaka ule ule wa aibu. Na Murray Grearson, wa vizazi saba, yuko na buti.

Kumbe sikio la Garnet Tweedie lilikuwa na kope.

Hazel aliteremsha mashuka. Garnet akainua kichwa, akakutana uso kwa uso na Murray, na kwa sekunde moja rangi ikamtoka. Lakini darajani hawafundishi mtu kukiri kosa.

"Sikio halidanganyi," akasema taratibu. "Murray, mama yako alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Na mama yake?"

Murray akajikuna kichwa. "Bibi alizaliwa hapa. Ila... alifanya kazi mwaka mmoja ng'ambo. Kiwanda cha viatu."

"Aaa!" ukumbi mzima ukaitikia.

"Mimi siku zote nilikuwa nasikia kitu," akasema mmoja.

"Hasa akitaja matairi," akasema Hazel.

Na Murray, maskini ya Mungu, akaugeukia umati akasema, "Samahani. Sikujua."

Nilinyamaza. Naiandika hapa kwa sababu ndiyo aibu yangu ya pili baada ya ile ya buti sebuleni kwa Verna. Nilijua, nikanyamaza, nikapeana mikono, nikala vikeki viwili. Kamati ilinipa maiki pale pale. Watu walinipongeza wakinitazama mdomo. "Sasa nasikia kabisa," mmoja akaniambia, "tena umekuwa Mharrow kutushinda."

Wiki iliyofuata nilipeleka gari kwa Murray. Tairi lilikuwa zima, ila roho haikutulia. Nilimkuta ameinama kwenye jeki, na mteja amesimama juu yake anamwuliza, "Na kwenu huko, Murray, mwaka huu barafu imeshika?" Murray akaitika kwa kichwa. Alikuwa hasemi tena kama anaweza kuitika kwa kichwa. Alipolazimika, alimalizia kila sentensi kwa "ee?", kama Wakanada tunavyosifika, mpaka ukadhani ana kwikwi.

Mteja alipoondoka, akanisogelea, akatazama mlango.

"Doreen," akanong'ona, "wewe ulijifunzaje?"

"Kujifunza nini?"

"Kuongea kama sisi." Akajisahihisha. "Kama wao. Ee?"

"Murray, siku ile mbona hukuvua buti?"

Akaiva mpaka shingoni. "Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu. Kidole gumba kilikuwa nje chote. Mbele ya kina mama wa kanisa, Doreen? Bora nife."

Jumamosi ile Korongo walicheza na Dunmore. Uwanja ulifurika pande zote mbili. Kibandani tulikuwa wawili, mimi na maiki upande wa wenyeji, Lyle na saa yake upande wa wageni, maana kila timu huleta mtu wake. Kioo cha kibanda kilikuwa kimeshika ukungu kama kawaida, anayezungumza haonekani, anasikika tu. Lyle alinikonyeza. "Haya, Mkanada uliyethibitishwa. Anza."

Nikabonyeza. Mlio wa maiki ukazunguka paa zima. Nilikuwa na majina ya wachezaji mbele yangu, na mdomo ukakataa kuyasoma.

"Mabibi na mabwana, karibuni," nikasema. "Kabla ya majina nina jambo. Murray Grearson, samahani. Siku ile Garnet hakusikia chochote. Alikuwa anatazama miguu chini ya shuka. Waliovua buti aliwaita wetu, waliobaki nazo aliwaita wao. Murray hakuvua kwa sababu soksi yake ilikuwa na tundu, na kidole gumba..."

Hapo nikatambua kwamba natangazia watu mia nne habari za soksi ya mtu.

"Samahani kwa hilo pia, Murray," nikasema. "Kwa hiyo maiki hii si yangu. Njoo uichukue."

Kicheko kilianza, kikafa. Nilifuta ukungu kwa kiwiko nikachungulia. Garnet alikuwa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Hazel alikuwa amesimama kwenye benchi, mkono kifuani.

"Mnasikia?" alikuwa anawaambia watu. "Mnasikia alivyosema samahani? Mara mbili! Mtu wa ng'ambo angeweza? Huyo ni wetu damu damu!" Na wale watu wakapiga makofi. Nimewaambia ukweli kwa kipaza sauti, wao wamesikia lafudhi!

Mwamuzi, aliyechoka kungoja, akaanzisha mchezo. Na mlangoni pa kibanda akatokea Murray. Alivua buti zake nje, akazipanga jozi, akaingia na soksi mpya kabisa, kijivu.

"Kaa, Murray," nikasema. "Kiti chako."

"La, Doreen, samahani. Elwood alikupa wewe."

"Lakini ulidhulumiwa."

"Kidogo tu. Kaa wewe."

"Sikai. Kaa wewe."

"Mimi nitasimama, wala usijali."

"Basi tusimame wote."

Maiki ilikuwa wazi muda wote huo, na adabu zetu zilikuwa zinarindima juu ya barafu. Korongo wakafunga bao. Mkono wangu ukaandika wenyewe, mfungaji na mpa pasi, kwa mazoea. "Soma wewe," nikamwambia Murray. "Siwezi kukupokonya," akasema. Korongo wakafunga la pili. Nikaandika. "Basi soma wewe la kwanza, mimi la pili." "La, samahani, la kwanza ndilo zuri zaidi, soma wewe." Watu wakaanza kupiga miguu kwenye mbao.

"Nyinyi watu mtaniua!" Lyle akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Tumefungwa mawili na hata sijaambiwa nani kanifunga! Lete hapa!" Akainyakua maiki, akainyakua karatasi yangu, akanguruma kwa sauti yake yote ya Dunmore: "Bao la Korongo! Namba kumi na saba! Na la pili! Namba tisa! Na mwenye gari jekundu lililo nje, taa zinawaka!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Nikachungulia kwenye tundu langu la kioo. Chini pale Garnet Tweedie amenyanyua kidole hewani, macho yamemrudia uhai.

"Mmesikia hiyo?" akawaambia walio karibu naye, nami nikamsikia kupitia mlango uliokuwa wazi. "Hiyo sasa ndiyo sauti ya Harrow! Imenitosha sentensi moja."

"Ni Murray huyo," akasema Hazel, anafuta machozi. "Amejirekebisha, masikini."

Lyle alisikia pia. Niliona tabasamu likimtambaa usoni. Akavuta kiti changu, kiti cha Elwood, akakikalia, akakunja nne. "Tamu hii kitu, dada," akasema, akaikumbatia maiki. "Nadhani nitasoma mpaka mwisho."

"Samahani, Lyle," Murray akaanza, "kama hutajali, ukishamaliza, pengine..."

Niliwatazama wote wawili. Mmoja anaomba radhi, mwingine amekaa. Nikaona wazi kwamba mimi na Murray tungesimama pale tukisema samahani mpaka barafu iyeyuke Aprili, na maiki iwe imekwenda Dunmore. Miaka ishirini na sita ya kusogeza karatasi. Barafuni Dunmore walikuwa wamefunga bao lao la kwanza, mkono wangu umekwisha kuandika, na watu wameinua nyuso kuelekea kibandani.

"Lete," nikasema.

"Ngoja kwanza..."

Nilimshika kiganja nikakipinda, kama nilivyompinda tukiwa watoto tukigombea donati ya mwisho, nikaichomoa maiki mkononi mwake, nikamsukuma kutoka kwenye kiti kwa kiuno changu. Yeye akapiga yowe. Murray akaziba mdomo. Uwanja mzima ulisikia kila kitu, na sikuomba radhi. Sikuliona hata hilo neno lilikopita.

"Bao la Dunmore," nikasema. "Limefungwa na namba nne, Thibodeau."

Sikujua kama ngazi ilikuwepo katikati ya sauti au haikuwepo. Kule chini Garnet aliinama akatafuta miguu yangu, lakini kibanda chetu kina mbao mpaka sakafuni. Waliomzunguka hawakumwuliza chochote. Walikuwa wameshika kalamu juu ya karatasi zao za mabao, wanangoja niwaambie nani alitoa pasi.